KIFUNIKO ANGAVU CHA NDEGE YA KUJITENGENEZEA: MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUNUNUA NA KUFUNGA

Utangulizi

Mwaka 2019 habari za Adam Kinyekile, fundi wa Tunduma aliyeunda helikopta kwa mikono yake, zilienea nchini. Ubunifu wa namna hiyo ni fahari ya Nyanda za Juu Kusini, na makala haya hayakusudii kuuzima. Kusudi letu ni kumpa mlaji maarifa juu ya sehemu moja ya chombo kidogo cha angani ambayo malighafi yake hununuliwa dukani kama bidhaa nyingine yoyote: kifuniko angavu cha chumba cha rubani, yaani kenopi.

Kifuniko hiki humkinga rubani dhidi ya upepo na mvua, na rubani hutazama njia yake kupitia humo. Kikipasuka angani, vipande vyake vinaweza kumjeruhi usoni au kugonga mkia wa ndege. Aidha, ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika kirahisi zaidi wakati wa ujenzi. Karatasi ya plastiki iliyogharimu fedha nyingi huweza kupasuka kwa tundu moja lililotobolewa vibaya.

Aina mbili za plastiki

Madukani mlaji atakutana na aina mbili zinazofanana sana kwa macho.

Akriliki, inayojulikana pia kwa jina la pleksiglasi, ni angavu sana na hustahimili jua kwa miaka mingi. Uzito wake ni takriban nusu ya uzito wa kioo cha kawaida: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 4 ina kilo zisizofikia 5, ilhali kioo cha ukubwa huo hukaribia kilo 10. Udhaifu wake ni kwamba hupasuka ghafla na kutoa vipande vyenye ncha kali.

Polikaboneti ni ngumu kuvunjika na hupinda kabla ya kukatika. Hata hivyo, huchubuka upesi, hugeuka rangi ya manjano juani isipokuwa imepakwa kinga, na huharibiwa haraka na petroli.

Namna rahisi ya kuzitofautisha ni kumwomba muuzaji kipande cha mabaki na kukipinda kwa koleo, ukiwa umevaa miwani ya kinga. Akriliki hukatika, polikaboneti hujikunja. Muuzaji anayekataa kutoa hata kipande cha mabaki, na karatasi yake haina maandishi ya mtengenezaji, anampa mnunuzi sababu ya kutafuta duka jingine.

Mambo ya kukagua dukani

1. Unene. Ndege ndogo nyingi hutumia akriliki ya milimita 3 hadi 5. Fuata mchoro wa ndege yako, wala usipunguze unene kwa ajili ya bei.

2. Unyoofu wa taswira. Tazama nguzo ya umeme kupitia karatasi hiyo huku ukisogeza kichwa polepole. Nguzo ikionekana kupinda au kucheza, rubani ataiona njia ya kutua vivyo hivyo.

3. Ngozi ya kinga. Karatasi iwe na ngozi yake ya plastiki au ya karatasi pande zote mbili. Usiibandue mpaka kazi imalizike, isipokuwa pale unapokata na kutoboa.

4. Stakabadhi. Dai stakabadhi ya kielektroniki inayotaja aina ya plastiki na unene wake. Neno "plastiki" pekee halitakusaidia siku ya kudai haki yako.

Kwa nini hali ya hewa ya Uyole ni muhimu

Asubuhi za Juni na Julai katika Uyole joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mchana wa siku iyo hiyo, jua likiwaka juu ya kifuniko kilichofungwa, plastiki huweza kupata joto kubwa kuliko la hewa inayoizunguka. Mabadiliko hayo yana athari mbili.

Kwanza, akriliki yenye baridi ni kavu na hupasuka upesi. Kazi ya kukata na kutoboa ifanywe mchana, plastiki ikiwa imepata joto la nyuzi 25 hivi, au ndani ya chumba kilichopashwa joto. Fundi anayeanza kutoboa saa moja asubuhi ili awahi kumaliza anahatarisha mali ya mteja.

Pili, plastiki hutanuka kuliko metali. Kwa kila badiliko la nyuzi 1 ya joto, mita moja ya akriliki hutanuka takriban milimita 0.07, aluminiamu milimita 0.023 na chuma milimita 0.012. Chukua kifuniko chenye urefu wa mita 1.2 juu ya fremu ya aluminiamu, na badiliko la nyuzi 40. Akriliki itaongezeka milimita 3.4, fremu milimita 1.1 tu. Tofauti ni milimita 2.3. Ikiwa matundu yamebana boliti, plastiki haina pa kwenda. Hujikandamiza yenyewe, na ufa huanzia kwenye tundu.

Hilo ndilo jambo kuu katika makala haya: kifuniko kifungwe kwa namna itakayokiacha kisogee. Vifuniko vingi hupasuka kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, si kwa sababu ya ubovu wa plastiki.

Utaratibu wa kufunga

Kukata. Tumia kisahani cha kusaga badala ya msumeno wenye meno makubwa, kwa kuwa meno hushika na kuvunja. Baada ya kukata, lainisha kingo kwa msasa, ukianza na mkwaruzo na kumalizia na laini, hadi usiuone tena mkwaruzo wowote uliokata ukingo. Kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Kutoboa. Ncha ya kawaida ya kekee ya kutobolea chuma huivuta plastiki na kuipasua inapotokea upande wa pili. Tumia ncha ya plastiki, au ile ambayo makali yake yamepunguzwa. Weka ubao chini, na punguza mkazo unapokaribia kutokea. Kwa mfano wetu wa hapo juu, boliti ya milimita 4 ihitaji tundu lisilopungua milimita 6.5. Tundu liwe mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo chake, na midomo yake iondolewe ukali.

Kukunja bila moto. Akriliki inaweza kukunjwa kwa mviringo wa upande mmoja bila kupashwa joto, ilimradi nusu kipenyo cha mviringo huo kisiwe chini ya mara 200 ya unene wake. Karatasi ya milimita 4 basi isikunjwe kwa nusu kipenyo kilicho chini ya sentimita 80. Umbo la kuba huhitaji tanuri na kalibu, na ni afadhali kulinunua likiwa tayari.

Kukaza. Weka mpira laini kati ya plastiki na fremu, na wosha pana chini ya kichwa cha boliti. Kaza mpaka viguse, kisha legeza robo mzunguko. Tumia nati zenye kizuizi chake, kwani gundi za kuzuia nati zisilegee huweza kuiharibu plastiki.

Komeo. Kifuniko kiwe na komeo mbili zinazojitegemea. Kiweze kufunguliwa kwa nje, ili waokoaji wamfikie rubani, na ndani kuwe na chombo cha kukivunjia. Kikifunguka angani, wajibu wa kwanza wa rubani ni kuendelea kuiongoza ndege. Kushughulikia kifuniko ni jambo la baadaye.

Utunzaji

Osha kwa maji mengi na sabuni laini, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba. Usitumie petroli, tina, asetoni wala dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Kemikali hizi huchora juu ya plastiki mtandao wa nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui. Nyufa hizo hazifutiki. Tahadhari hii inawahusu pia wamiliki wa bajaji wanaofunga kioo cha plastiki mbele: kukipangusa kwa kitambaa chenye petroli ni kukifupishia maisha, na taa za lori linalokuja usiku zitamwonyesha dereva ukungu mtupu.

Makubaliano na fundi

Plastiki hupasuka zaidi mikononi mwa fundi kuliko mikononi mwa muuzaji. Kabla ya kazi, andikianeni: nani amenunua plastiki, nani atagharamia nyingine ikipasuka, malipo yatatolewa kwa awamu zipi, na kazi itakaguliwa na nani. Makubaliano ya mdomo huzaa ugomvi usio na shahidi.

Haki na wajibu wa mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina na ubora wa bidhaa. Mlaji aliyeuziwa polikaboneti kwa jina la akriliki ahifadhi stakabadhi, kipande cha mabaki na picha, kisha arudi kwa muuzaji; asiposikilizwa, awasilishe malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani.

Kwa upande wake, mjenzi ana wajibu mkubwa zaidi. Hakuna ndege inayoruhusiwa kuruka nchini bila usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iwe imejengwa kiwandani au nyuma ya nyumba. Tunashauri mjenzi aiandikie Mamlaka kabla ya kununua karatasi ya kwanza, na aweke kumbukumbu ya kila hatua kwa picha na tarehe. Kazi iliyofichwa chini ya rangi haikaguliki, na mkaguzi akidai ifunguliwe, gharama ni ya mjenzi.

Naye mwananchi atakayealikwa kupanda chombo cha namna hii ana haki ya kuomba kuonyeshwa kibali hicho kabla ya kukaa kitini. Kisipokuwapo, asipande.