Kutoka ‘yuko’ hadi ‘yupo’

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi la tafsiri. Makala yenyewe yalihusu masista wa Kikatoliki wanaowahudumia wahamiaji katika mpaka wa Marekani na Mexico. Kijana mmoja alikwama kwenye sentensi moja tu, akaandika: “Masista huwapa wageni kuwapo.” Darasa likaangua kicheko. Kicheko kilipotulia, msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, kuwapo kunamfaa nini mtu aliyekimbia kwao na asiyetakiwa aendako?” Siku hiyo sikuwa na jibu la kumridhisha. Leo najaribu.

Kwanza tuufahamu mkasa wenyewe. Mwaka 2014, maelfu ya akina mama na watoto kutoka Guatemala, Honduras na El Salvador walivuka mto Rio Grande na kuingia Texas, wakikimbia magenge na ufukara. Askari wa mpakani waliwaandikisha, kisha wengi wakaachiliwa wasubiri kesi zao, wakajikuta katika kituo cha mabasi mjini McAllen, wachovu na wachafu wa safari. Sista Norma Pimentel, msimamizi wa shirika la hisani la Kikatoliki katika bonde hilo, alifungua makao ya muda katika parokia ya Moyo Mtakatifu. Humo wageni walipata supu, maji ya kuoga, nguo safi na msaada wa kuwapigia simu jamaa zao. Sista huyo mwenyewe ni mzaliwa wa Texas, na wazazi wake walitoka Mexico.

Hata hivyo, supu huliwa ikaisha. Hapana sista aliyeweza kumpa mhamiaji hati ya ukaazi wala kuamua kesi yake. Isitoshe, baadhi ya Waguatemala hao lugha yao ni K'iche' au Mam, na Kihispania hawakijui vyema. Kwa mama kama huyo, hata neno la faraja halipiti. Linalobaki ni kuketi kando yake na kumpakatia mtoto anapooga.

Je, hilo ni dogo? Hapa sarufi yetu yanena. Kiswahili hutofautisha ‘yuko’ na ‘yupo’. ‘Yuko’ hudokeza mahali pasipo dhahiri, ‘yupo’ mahali mahususi. Mzazi aliyebaki kijijini, lau angalikuwa Mswahili, angaliulizwa habari za mwanawe angalijibu: “Yuko huko, njiani.” Simu inapolia kutoka makao yale, mwana husema: “Nipo.” Kati ya viambishi hivyo viwili kuna machozi ya majuma mengi. Wala mtu hawi ‘yupo’ peke yake. Sharti awepo wa kumwona na kumwita kwa jina.

Tena sisi twayajua haya bila ya kufundishwa. Nilipofiwa na baba yangu, majirani walikuja matangani wakaketi. Wengi hawakutamka ila “pole”. Hapana aliyemfufua marehemu, lakini sijui ningaliupitishaje usiku ule pasipo wao.

Wapo wasemao kwamba huruma ya namna hii huwavutia wahamiaji wengine na kudhoofisha sheria. Mwaka 2024, mwanasheria mkuu wa Texas aliiomba mahakama imruhusu kulihoji shirika la Sista Norma kwa kiapo, na jaji akakataa. Sikatai kwamba kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Ila sheria huamua kama mgeni atakaa au atarejeshwa. Haiamui kama mtoto wake ataoga usiku wa leo. Hilo limeachiwa dhamiri ya aliye karibu.

Nasi Wakenya tusijitoe katika somo hili. Dadaab imepokea wakimbizi tangu mwaka 1991, na Kakuma tangu 1992. Magazeti yetu nayo huandika “wahamiaji haramu” bila ya kusita. Kitendo chaweza kuwa haramu. Mtu je? Neno likishamtangulia mgeni mlangoni, ni shida kumwona yeye mwenyewe nyuma yake. Walimu wa Kiswahili, kalamu nyekundu tunazo, tuzitumie hapo pia.

Kijana yule nilimrudishia alama niliyokuwa nimemkata. Sentensi yake haikuwa nzuri, lakini haikuwa na kosa la maana. Ama wewe binti uliyeuliza, siku moja utakuwa mwalimu. Utaingia darasani ukute mtoto mgeni, aliyetoka mbali, asiyejua lugha ya wenzake. Hutaweza kumrudishia nyumba yao wala kumaliza vita vya kwao. Lakini kila asubuhi utafungua daftari la mahudhurio, ulisome jina lake sawasawa, kisha umngoje ajibu: “Nipo.”