Kuchonga na Kupaka Rangi Mfano wa Eropleni Comet

Katika habari hizi twataka kueleza jinsi mfano mdogo wa eropleni unavyochongwa kwa mti na kupakwa rangi, nasi tumeichagua Comet, eropleni iliyojipatia sifa duniani mwaka wa 1934. Fundi stadi haanzi kazi hii kwa kushika kisu. Kwanza yampasa kuijua eropleni yenyewe, maana kila umbo lake lina sababu, na asiyeijua sababu huliharibu umbo bila kutambua.

Mwaka huo wa 1934 watu wa Melbourne katika Australia walikuwa wakisherehekea miaka mia tangu nchi yao ya Victoria ianze kukaliwa na wageni kutoka Ulaya. Tajiri mmoja wa huko, Macpherson Robertson, mtengenezaji wa peremende na chokoleti, alitoa zawadi ya pauni 10,000 kwa mshindi wa mbio za eropleni kutoka Mildenhall, Uingereza, mpaka Melbourne, mwendo wa maili 11,300 hivi. Wenye kiwanda cha de Havilland walijenga eropleni tatu kwa ajili ya mbio hizo, wakaziita Comet. Mojawapo, yenye rangi nyekundu na namba G-ACSS, ilipewa jina la Grosvenor House. Marubani wake walikuwa C. W. A. Scott na Tom Campbell Black. Waliondoka tarehe 20 Oktoba. Walipokuwa wakivuka bahari ya Timor injini moja iliwasumbua, hata wakafika Darwin kwa kuitegemea ya pili. Walakini hawakukata tamaa, wakafika Melbourne kwa muda wa saa 70 na dakika 54, yaani hata siku tatu hazikutimia.

Jina la Campbell Black si geni katika habari za nchi zetu. Mwaka wa 1929, Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways huko Nairobi, Campbell Black alishirikiana naye katika kazi hiyo, naye alikuwa rubani.

Sasa tutazame umbo la Comet. Mwili wake wa mbele ni mrefu, na chumba cha marubani kiko nyuma sana karibu na mkia. Sababu yake ni kwamba matangi makubwa ya petroli yaliwekwa mbele ya marubani, nao walikaa mmoja nyuma ya mwenziwe ili mwili uwe mwembamba. Mabawa nayo ni membamba, yamechongoka kuelekea ncha. Yalifunikwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyolazwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, vikagandishwa kwa gundi. Kisha eropleni nzima ilipakwa rangi na kusuguliwa, ikapakwa tena na kusuguliwa tena, hata ikang'aa. Magurudumu yalikunjwa na kuingia katika vyumba vya injini, na rubani ndiye aliyeyakunja kwa kuzungusha gurudumu dogo kwa mkono wake. Yote haya yalifanywa kwa sababu moja: kila kitu kinachojitokeza nje hushindana na upepo, na upepo huchelewesha eropleni.

Hata propela zake, yale mapanga yazungukayo mbele ya injini, zilikuwa za ajabu. Kabla ya kuruka zilijazwa upepo kwa bomba ya baisikeli, ili mapanga yakae katika pembe ifaayo kwa kuondoka. Eropleni ilipopata kasi, msukumo wa upepo wa mbele uliufungulia ule upepo wa ndani ukatoka, na mapanga yakageuka yakakaa katika pembe ya mwendo wa mbio. Hayakuweza kurudi hali ya kwanza mpaka eropleni itue na bomba ile iletwe tena.

Basi, tuje kwenye kipimo. Comet ina upana wa futi 44 toka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa la pili, na urefu wa futi 29. Tukitwaa robo ya inchi kuwa badala ya kila futi moja, mfano wetu utakuwa na upana wa inchi 11 na urefu wa inchi 7 na robo. Hii ndiyo maana ya kusema kipimo cha 1 kwa 48, kwa kuwa futi moja ina robo za inchi 48. Mtu wa futi 6 akisimama kando ya mfano huo atakuwa na kimo cha inchi moja na nusu. Mwalimu aweza kuitumia hesabu hii darasani, nao wanafunzi wataielewa upesi kwa kuwa wanaipima kwa macho na kwa rula.

Chora picha tatu kwa kipimo hicho: ya ubavuni, ya juu, na ya mbele. Kwa picha hizo kata vielelezo vya karatasi ngumu, vitakavyobandikwa juu ya mbao wakati wa kuchonga ili kupima kama umbo limetimia. Chagua mbao laini isiyo na mafundo. Mwili ufanywe kwa vipande viwili vilivyogandishwa pamoja kwa urefu, maana mstari wa gundi utakuonyesha daima katikati ya mwili, usije ukachonga upande mmoja kuliko wa pili. Mabawa yachongwe kwa ubao mwembamba: unene mwingi uwe upande wa mbele, kisha upungue pole pole mpaka ukingo wa nyuma uwe mkali. Vyumba viwili vya injini vichongwe peke yake, vikaguliwe kwa kielelezo kimoja, ndipo vitiwe mahali pake.

Baada ya kuunganisha, funga kila tundu na kila mshono kwa chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika kazi hii ufa mdogo huonekana zaidi baada ya rangi kuliko kabla yake. Ikikauka, sugua kwa msasa laini kwa kufuata uzi wa mbao.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Hukumbuka kipimo wakati wa kukata mbao, wakakisahau wakati wa kupaka rangi. Lakini rangi nayo ina unene, na makosa nayo yana kipimo. Uvimbe wa rangi wenye unene wa sehemu moja ya 48 ya inchi huonekana mdogo katika mfano. Katika eropleni yenyewe ungekuwa uvimbe wa inchi nzima, na Comet yenye uvimbe wa namna hiyo isingeshinda mbio. Kwa hiyo rangi iwe nyepesi, ipakwe mara nyingi, na kila mara iachwe ikauke kabisa, kisha isuguliwe kwa msasa uliolowa maji. Anza na rangi nyeupe mwili mzima, kwa maana nyekundu ikipakwa juu ya mbao tupu huwa na mabaka. Mahali pa herufi G-ACSS bandika herufi zilizokatwa kwa karatasi yenye gundi, upake nyekundu juu yake, kisha zing'oe taratibu kabla rangi haijawa ngumu sana. Herufi nyeupe zitabaki na kingo safi. Katika mkia iandikwe namba ya mashindano, 34.

Jambo la mwisho ni kuchagua mwaka. Baada ya mbio, eropleni hiyo hiyo ilichukuliwa na Serikali ya Uingereza ili ijaribiwe, ikapakwa rangi ya fedha na kupewa namba K5084. Kwa hiyo mfano mwekundu wenye namba K5084 ni uwongo, hata ukichongwa vizuri namna gani. Leo Comet yenyewe imehifadhiwa Old Warden, Uingereza, nayo imerudishiwa rangi yake nyekundu.

Kazi ikiisha, inua mfano mbele ya dirisha, uangalie jinsi mwanga unavyopita juu ya bawa. Mwanga ukiteleza bila kukatika tangu shina hata ncha, umeelewa kwa mikono yako kwa nini Comet ilishinda. Ukikatika, chukua msasa tena.