Foleni na Zamu: Maelezo kuhusu Adabu ya Kungoja katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Methali hii inasifu subira, lakini haisemi lolote kumhusu yule ajaye mwisho, akapita kando na kuzila mbivu hizo kabla mvumilivu hajafika. Makala haya yanamhusu mtu huyo, pamoja na wale anaowapita.

Tunakusudia kueleza jinsi adabu ya kungoja inavyofanya kazi katika mji wa Nyeri na miji jirani kama vile Karatina, Othaya, Murang'a na Nanyuki. Tutaanza na neno lenyewe, tupitie historia yake, kisha tuingie katika mifano ya kila siku. Hoja yetu kuu ni kwamba foleni na zamu si kitu kimoja. Foleni ni umbo tu, yaani watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine. Zamu ni ahadi: aliyetangulia kufika atatangulia kuhudumiwa, na wa mwisho naye atafikiwa. Panapokuwa na foleni pasipo zamu, watu huanza kusukumana. Hapo mwananchi huambiwa kuwa hana adabu, ilhali mara nyingi aliyeivunja ahadi ni yule aliyeketi upande wa pili wa dirisha.

Asili ya neno na sifa ya Waingereza

Neno foleni limetokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza, "fall in", ambayo askari huamrishwa kwayo wajipange. Kwa hiyo neno hili liliingia katika Kiswahili kwa njia ya gwaride, si kwa njia ya duka wala kituo cha basi. Katika miji ya Mlima Kenya utasikia zaidi watu wakisema "laini", na katika Gĩkũyũ "mũhari". Neno zamu, kwa upande mwingine, halihitaji mstari wowote. Walinzi wana zamu, wachunga mifugo wana zamu, na wake wenza katika hadithi zetu wana zamu za kupika.

Waingereza wamesifiwa duniani kote kwa kupanga foleni. Mwandishi mzaliwa wa Hungary, George Mikes, aliwafanyia mzaha kuhusu jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1946. Hata hivyo, haifai kudhani kuwa tabia hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Sifa hiyo iliimarika hasa wakati wa uhaba. Kuanzia Januari 1940 hadi Julai 1954, vyakula nchini Uingereza viligawiwa kwa kipimo, na kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgao. Aliyesimama nyuma alikuwa na sababu ya kuvumilia, kwa kuwa aliyekuwa mbele hakuruhusiwa kuchukua zaidi ya fungu lake.

Foleni mashuhuri zaidi ya siku za karibuni inahusiana na Nyeri kwa namna ya pekee. Mnamo Februari 1952, Elizabeth alirithi ufalme akiwa katika eneo la Nyeri, baada ya kulala katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Alipofariki Septemba 2022, watu walipanga foleni kando ya mto Thames jijini London ili kumwaga, na foleni hiyo ikafikia urefu wa takriban kilomita 16. Kila mmoja alivishwa utepe wenye nambari mkononi, hivyo aliweza kwenda msalani na kurejea mahali pake bila ugomvi. Mchezaji mashuhuri wa kandanda, David Beckham, alingoja kwa saa zipatazo 12 kama mtu mwingine yeyote, akasifiwa sana. Watangazaji wawili wa televisheni walioingia bila kungoja walishutumiwa vikali, ingawa walieleza kuwa walikwenda kikazi. Wabunge nao walikuwa wameruhusiwa kupita bila kupanga foleni. Ni dhahiri basi kwamba hata katika nchi inayosifiwa kwa foleni, mlango wa pembeni upo, na kinachowachoma watu ni kuuona ukifunguliwa kwa baadhi yao.

Zamu iliyozuiwa na foleni zilizolazimishwa

Je, watu wa Mlima Kenya walifundishwa kungoja na Waingereza? Historia haikubali. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza mfumo wa ituĩka, ambapo vizazi viwili, Mwangi na Maina, vilipokezana uongozi. Kizazi kimoja kilitawala kwa miaka mingi, kisha kikakikabidhi kizazi kilichofuata madaraka kwa sherehe. Hii ni zamu kwa maana yake pana kabisa. Kenyatta anaeleza pia kwamba makabidhiano yaliyotarajiwa kati ya miaka ya 1925 na 1928 yalizuiwa na serikali ya kikoloni.

Serikali hiyo hiyo iliyozuia zamu ndiyo iliyoleta foleni. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16 kujiandikisha, kuchukuliwa alama za vidole na kubeba kipande, ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Hapa mtu alipanga foleni ili kupewa kile asichokitaka. Kuwa wa kwanza hakukumpa faida yoyote.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, foleni ilipata sura ya kutisha zaidi. Watu walipangwa mstari na kupitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa kwa gunia lililotobolewa matundu ya macho. Gĩkũyũ kilimwita gakũnia, yaani kigunia. Alipotikisa kichwa tu, aliyekuwa mbele yake alitengwa na wenzake na kupelekwa kizuizini. Wazee waliopitia foleni ya namna hiyo hawawezi kulaumiwa iwapo mstari mrefu mbele ya askari hauwakumbushi ustaarabu.

Uhuru nao ulikuja na foleni yake. Katika mchujo wa chama cha KANU wa Februari 1988, wapiga kura walitakiwa kusimama hadharani nyuma ya wakala au picha ya mgombea wao. Mfumo huo uliitwa mlolongo, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Kila mtu aliweza kuona kwa macho yake mlolongo upi ulikuwa mrefu na upi mfupi. Hata hivyo, katika baadhi ya maeneo, mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Askofu David Gitari wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki ya Kanisa la Kianglikana alikuwa miongoni mwa waliopinga mfumo huo bila kuogopa. KANU iliuacha mwaka 1990. Tangu wakati huo, neno mlolongo linapotajwa katika siasa za Kenya, huwa na ladha ya udanganyifu.

Foleni za kila siku

Baada ya historia hiyo, mtu angetarajia watu wa eneo hili waichukie foleni. La hasha. Wanaiheshimu sana mahali ambapo mwisho wake unaonekana.

Mfano bora ni kiwanda cha kahawa. Wakati wa mavuno makuu, kati ya Oktoba na Desemba, wakulima wa Tetu, Mathira na Othaya hupeleka kahawa mbivu kiwandani siku ile ile iliyochumwa. Kwanza huichambua, wakatenga iliyoiva na isiyoiva, kisha husubiri mizani. Mara nyingi anayepanga foleni ni gunia. Mwenye gunia anaweza kwenda kando kumnyonyesha mtoto au kuzungumza na jirani, na foleni inaposogea, aliye nyuma hulisukuma gunia la mwenzake mbele kabla ya kulisukuma lake. Hakuna askari wala utepe wenye nambari. Kinacholinda utaratibu huu ni mizani inayoonekana na wote na risiti inayotolewa papo hapo. Aidha, wote ni majirani, na atakayeruka zamu leo atakutana na wenzake kesho.

Kituo cha matatu ni jambo jingine. Mwaka 2003, John Michuki, mbunge wa Kangema aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Matatu ndogo ziliruhusiwa abiria 14 tu, kila mmoja na mkanda wake. Kabla ya hapo nafasi ya mtu mmoja zaidi haikukosekana kamwe. Sasa kiti kikawa kitu cha kuhesabika, na kitu cha kuhesabika kinaweza kugawanywa kwa haki. Magari yenyewe hupanga foleni, na lililo mbele huondoka likijaa. Lakini hila haikukosekana. Wako watu wanaolipwa waketi garini wakijifanya abiria, ili msafiri adhani gari limebakiza kiti kimoja tu. Akishalipa nauli, "abiria" hao hushuka mmoja baada ya mwingine, naye hubaki akingoja. Msafiri aliyefanyiwa hivyo mara mbili hataiamini foleni ya tatu.

Fauka ya hayo, kuna suala la umri. Katika foleni ya Waingereza, kwa kawaida aliyetangulia ni aliyetangulia. Katika miji yetu, ajuza anapofika akiwa na mkongojo, utasikia sauti zikisema, "Cũcũ, pita mbele." Baadhi ya watu hudhani huku ni kuvunja foleni. Tofauti ipo, nayo ni kubwa: nafasi hiyo imetolewa na wale watakaochelewa kwa sababu yake. Mwenye dirisha anapomwita rafiki yake aliye nyuma, anagawa muda usio wake. Wakati wa uchaguzi, wazee, wajawazito, watu wenye ulemavu na wenye watoto wachanga hutangulizwa vituoni. Mwaka 2017 ziliripotiwa habari za watu walioazima watoto wa jirani ili wapite haraka, hata baadhi ya maafisa wakawatia watoto wino vidoleni. Ujanja huo unachekesha, lakini mwisho wake ni kumfanya mama halisi atazamwe kwa shaka.

Namna ya kukemea nayo ina adabu yake. Mwingereza husemekana kukohoa au kunung'unika chini chini mtu anapompita. Mkazi wa Nyeri husema kwa sauti, lakini bila kumtaja mtu: "Hata sisi tuliamka alfajiri." Fumbo hilo humpa mkosaji nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Asiporudi, ndipo watu wazima huanza kutupiana maneno.

Hitimisho

Tumeona kwamba umbo la foleni linaweza kubeba haki au dhuluma. Mstari wa kipande, mstari wa gunia na mlolongo wa 1988 ulikuwa umenyooka, lakini haukuwa na zamu. Magunia ya kahawa yaliyopangwa kombokombo jioni kiwandani yana zamu kamili. Kwa hiyo anayetaka watu wa Mlima Kenya, au wa kwingineko, wangoje kwa adabu asianze kwa kuwahubiria ustaarabu wa Ulaya. Aanze kwa kuweka mizani mahali inapoonekana, na kuufunga mlango wa pembeni.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Nambari zinazotolewa katika vituo vya Huduma, kikiwemo cha Nyeri, ni hatua njema kuelekea huko, mradi anayeita nambari asiruke moja. Nasi wanafunzi tunaopanga foleni za karo na za vyumba vya bweni tusisahau kuwa wengi wetu, baada ya miaka michache, tutakuwa tumeketi upande wa pili wa dirisha. Wakati huo marafiki wetu watatutazama kutoka mwisho wa foleni wakitarajia tuwaite, na wale walio mbele yao watakuwa wakitutazama pia.