Kifafa, Ubongo na Kidonge cha Bei Nafuu

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, habari ya mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akishitaki kwamba kifafa humwangusha na nguo zikamfunuka. Akahiyarishwa baina ya subira na dua ya shifaa. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke. Hakutengwa wala hakutuhumiwa. Ibn Abbas alimtaja kuwa ni katika watu wa Peponi.

Twaikumbusha habari hii kwa kuwa jamaa zetu wengi wa Pwani wanaishi Nairobi, na katika mitaa kama Kibera na Kawangware kifafa bado hufichwa. Chumba ni kimoja, jiko la mkaa au la mafuta ya taa li sakafuni karibu na kitanda. Mgonjwa akianguka, moto humwahi kabla ya jirani. Basi liondoeni jiko kwanza, mgeuzeni ubavu, mfunikeni leso, wala msimtie kijiko kinywani. Zikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali. Katika mitaa miwili mingine ya mabanda mjini humo, Korogocho na Viwandani, watafiti walikuta wenye kifafa wapatao 12 katika kila watu 1,000. Si maradhi ya nyumba moja.

Seli za ubongo husemezana kwa umeme mdogo mno. Ziko zichocheazo na ziko zizuiazo; kizuizi kikilegea, kundi zima hulipuka kwa pamoja na mwili ukafuata. Chanzo huweza kuwa taabu ya wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au pigo. Huweza pia kuwa mayai ya tegu wa nguruwe, na hapa tusijidanganye kwa kuwa hatumli: mayai hayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia kwa maji machafu na mboga zisizooshwa.

Siku hizi matabibu huutuliza umeme huo kwa umeme. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kikipeleka mapigo madogo kwenye neva ya shingoni iendayo ubongoni. Mwaka 2013 kikaruhusiwa kingine, kinachousikiliza ubongo na kuujibu machafuko yanapoanza. Ni elimu kubwa, lakini bei yake si ya Kawangware, na aghalabu mgonjwa huendelea na dawa vilevile. Kidonge cha fenobabitali, kinachotumika tangu 1912 na chenye bei nafuu, hugusa njia hizohizo: hutia nguvu kile kizuizi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hadi wagonjwa 70 katika 100 wangeishi bila kuanguka lau wangetibiwa sawasawa. Hata hivyo, huko kwetu Kilifi utafiti ulionyesha kwamba wagonjwa wapatao sita katika kila kumi hawakuwa wakipata tiba ipasavyo.

Kisomo hatukikatazi, sisi wenyewe twasoma. Tunayemkataa ni yule amwambiaye mgonjwa aache vidonge ili kisomo kifanye kazi. Kuacha dawa ghafla huweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho huua.

Akina mama, binti anayetumia valproeti azungumze na daktari kabla ya kuolewa, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kwa shauri lake. Na kabla ya Ramadhani aulizwe daktari kama vidonge vyaweza kupangwa futari na daku. Akisema haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kula.