Kuku Aliyefungiwa Naye Anahitaji Mboga

Katika semina zetu tumekuwa tukiwahimiza wanavikundi wafugie kuku bandani ili kupunguza wizi, vicheche na ugonjwa wa mdondo. Wengi walitii. Lakini nilipotembelea kikundi kimoja cha akina mama wakati wa kiangazi, nilikuta kuku wanadonoana manyoya, wawili wamevimba macho, na viini vya mayai vimepauka hata wateja wameanza kulalamika. Mkopo wa kujenga banda ulikuwa bado haujaisha. Kuku hao walilishwa mahindi meupe yaliyoparazwa na pumba tu. Kosa halikuwa la akina mama peke yao. Sisi tuliwafundisha kumfungia kuku, hatukuwaambia kwamba aliyefungiwa hawezi kujitafutia majani.

Faida za majani mabichi

Majani ya kijani humpatia kuku vitamini A, inayolinda macho na njia ya hewa na kumsaidia kutaga. Vilevile yana rangi inayofanya kiini kiwe cha njano. Mahindi meupe hayana rangi hiyo. Tena, fungu la majani lililoning'inizwa humpa kuku kazi ya kudonoa, akaacha manyoya ya mwenzake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya majani ni maji. Hayachukui nafasi ya nafaka, mashudu na dagaa.

Kuandaa bustani

Kwa kuku 10 hivi, anza na matuta manne, kila moja mita 1 kwa mita 3. Zungushia uzio, maana kuku mmoja akitoroka atachakura kazi ya mwezi mzima.

1. Mchicha: sia tuta moja kila wiki. Huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 4, hivyo tuta la nne likisiwa, la kwanza linakaribia kuvunwa. Ukivuna, sia tena.
2. Matembele: panda vipande vya shina vya sentimita 30 karibu na bafu au karo, mahali pasipokauka. Haya ndiyo akiba ya kiangazi.
3. Sukuma wiki: chuma majani ya chini, mmea utaendelea kukupa kwa miezi kadhaa. Asiye na kiwanja apande kwenye gunia lenye udongo na mbolea.

Samadi ya kuku usiitumie ikiwa mbichi, kwani huunguza miche na huweza kubeba vimelea. Irundike pamoja na nyasi, ifunike, igeuze mara kwa mara, kisha uitumie baada ya miezi 3 hivi.

Namna ya kulisha

Wape kwanza chakula chao cha kawaida, majani yafuate. Funga mafungu na kuyaning'iniza usawa wa kichwa cha kuku, yasikanyagwe wala kuchafuliwa na kinyesi. Anza na kiasi wanachoweza kumaliza kwa nusu saa, na jioni ondoa mabaki. Nyasi ndefu zikate vipande vifupi, zisizibe gole. Weka pia mchanga wa chengachenga bandani, kwani firigisi huutumia kusaga majani.

Tahadhari

• Usiwape kisamvu kibichi, majani ya parachichi, ya nyanya wala ya viazi mviringo. Yana sumu.
• Lukina iwe kidogo sana, nayo ina sumu ikizidi.
• Mchicha usiwe peke yake kila siku, kwani huzuia mwili kutumia chokaa ipasavyo. Changanya na majani mengine, na usikose chokaa katika chakula.
• Mboga iliyopigwa dawa isivunwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kupita.
• Majani si dawa wala si chanjo. Kuku akivimba macho, mwite mtaalamu wa mifugo, maana magonjwa mengine huonyesha dalili hiyo hiyo.

Akina mama wale sasa wana matuta yao nyuma ya banda. Kiini kimerudi kuwa cha njano na wateja wamerudi. Mmoja wao aliniambia kwamba asubuhi huchuma fungu la kuku, na jioni huchuma la watoto. Ndugu mfugaji, kabla ya kufunga mlango wa banda, andaa kwanza tuta la mboga.