Luke wa Movie na Ngũgĩ wa Kamiti: Kwa Nini Jela Huogopa Msee wa Kusema "Zii"

Kama wikendi hii uko kwa keja Nkoroi na huna form ya kufika Rongai, kuna movie ya kitambo inafaa uicheki: Cool Hand Luke, ya 1967. (Chunga, spoiler ziko mbele.)

Luke, ameigizwa na Paul Newman, ni msee alipigana vita na akapewa medali, lakini akarudi home bila mwelekeo. Usiku mmoja akiwa mlevi chakari anakata vichwa vya mashine za kulipisha parking. Hiyo tu. Anahukumiwa miaka 2, kazi ni kufyeka kando ya barabara kwa jua kali, askari wakiwa na bunduki nyuma yake.

Ndani anapigana na Dragline, jitu la jela. Anaangushwa, anaamka. Anaangushwa tena, anaamka tena, mpaka Dragline anachoka na kumwacha. Kuna siku anakula mayai 50 kwa saa moja juu ya beti. Wafungwa wenzake wanaanza kumuona kama shujaa, na hapo ndipo wakubwa wanaanza kumchunga.

Mamake anapokufa, wanamfungia kwa kijumba kidogo cha mbao asije akatoroka kwenda mazishi. Na hajakosa chochote! Akitolewa, anatoroka kweli. Akishikwa, minyororo miguuni. Akitoroka tena, anaongezewa mingine, halafu analazimishwa kuchimba shimo, alifukie, achimbe tena, hadi anavunjika na kuomba msamaha.

Sasa jiulize: hiyo nguvu yote ni ya nini kwa msee wa mashine za parking? Jibu ni hesabu rahisi. Askari huwa wachache, wafungwa wengi. Jela inasimama kwa sababu kila mfungwa ameamini hakuna njia. Mmoja akisema zii mbele ya wengine, hiyo imani inapata ufa.

Hapa kwetu tuko na stori kama hiyo, na si ya kuigiza. Mwaka wa 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, ukachezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Novemba serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa Desemba makarao wakamchukua Ngũgĩ wa Thiong'o kwake usiku. Hakuna kesi, hakuna hakimu. Akapelekwa Kamiti na jina likageuka namba: K6,77.

Huko jino likamsumbua. Sheria ilikuwa ukitaka daktari wa meno, unatoka na minyororo. Ngũgĩ akasema zii, afadhali jino liume. Kwake, kuvaa minyororo ilikuwa kukubali kwamba ni mhalifu, na hakuna korti ilikuwa imesema hivyo.

Lakini pale Luke aliishia kwa kutoroka, Ngũgĩ alikuwa na kazi. Alianza kuandika riwaya juu ya karatasi ya choo ya jela, ambayo ilikuwa ngumu hadi inashika wino poa. Na akachagua Gĩkũyũ, lugha ile ile ya mchezo uliomfungisha. Maaskari waliipata wakaichukua, baadaye akarudishiwa. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, miezi kadhaa baada ya Mzee Kenyatta kufariki, na 1980 Caitaani Mũtharaba-inĩ ikachapishwa.

Si ati alitoka akaishi raha. Kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi hakurudishiwa, na kuanzia 1982 akaishi uhamishoni. Alifariki Mei 2025 akiwa Marekani.

Luke naye anatoroka mara ya mwisho na kupigwa risasi akiwa kanisani. Wenzake wanabaki na stori tu za kupigiana wakifyeka. Angalia pia walivyomfanyia alipovunjika: wale wale waliokuwa wakimshangilia walimpa mgongo. Walitaka awe jasiri kwa niaba yao, wao wakiendelea kutii. Hiyo ndiyo sehemu ya movie inayouma zaidi, na unaijua kama ushawahi kuona mmoja akiongea darasani au kazini, wengine wote wakiangalia chini.

Wewe ungevaa minyororo ndio jino lipone? Cheki movie kwanza, halafu utuambie.