Mguu Ulioumia: Mbio Kali Ndiyo ya Mwisho Kurudi



Mpira wa siku ya yenga, ngazi yenye utelezi, jiwe linaloviringika chini ya kiatu: hapo ndipo misuli ya mguu inapoumia. Majuma mawili yakipita, maumivu yanapungua na mtu anasema: «Nimepona.» Anaingia uwanjani, anakimbia kwa nguvu zote, na palepale msuli unachanika mara ya pili. Sasa anakaa nyumbani muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Kwa nini inakuwa hivi?

Maumivu yanaisha mbele ya kidonda cha ndani kupona. Pale palipochanika panaungwa na nyama mpya ambayo bado haina nguvu. Inaweza kubeba mwendo wa kawaida, lakini si mbio kali. Mtu akikimbia sana, msuli wa nyuma ya paja unakaza huku unavutwa, punde kabla mguu haujagusa chini. Kano ya kisigino nayo inabeba mzigo unaopita uzito wa mwili mara kadhaa. Tena inapata damu kidogo, ndiyo maana inapona polepole.

Fuata hatua hizi

1. Tembea kwa haraka dakika 30. Kama hakuna maumivu, wala siku ile wala kesho yake asubuhi, endelea.

2. Kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Ongeza kidogo kidogo mpaka ukimbie polepole dakika 30 bila kusimama.

3. Simama kwa mguu mmoja, inua kisigino na kushusha. Mguu ulioumia ufanye mara nyingi sawa na ule mzima.

4. Sasa tu anza kuongeza mwendo: mita 80, mara 4, kwa nguvu kidogo kupita nusu. Anza taratibu, maliza taratibu, usisimame ghafla. Tembea kurudi ulikotoka.

5. Fanya hivyo mara 2 kwa juma, na siku mbili za kupumzika katikati. Juma jingine ongeza kitu kimoja tu: ama idadi, ama mwendo. Mbio ya nguvu zote, na kugeuka ghafla kwa mpira, ni ya mwisho kabisa.

Maumivu yakirudi, rudi hatua moja nyuma. Shavu la mguu likivimba na kuwa na moto, au ukishindwa kusimama juu ya mguu, nenda kwa munganga siku ileile.

Hata mabingwa wanangoja

David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1, sekunde 40 na sehemu 91 za mia, rekodi ya dunia. Mwaka 2013 goti lilimwumiza, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alishinda tena mashindano ya dunia mwaka 2015 huko Beijing, na mwaka 2016 medali ya zahabu huko Rio.

Kwa wale walio nyumbani

Munganga akikupa mapumziko ukaenda kwenu, tuseme Yangambi, kilomita karibu 100 toka Kisangani, kumbuka kwamba ile ni nchi ya msitu na mvua nyingi. Kimbia alfajiri, kabla ya joto. Chagua njia tambarare iliyokauka, kwa maana udongo wenye maji unatelezesha mguu usiopona. Kunywa maji. Nanyi bibi na wazazi, msimwache ameze dawa ya maumivu ili apate kukimbia: dawa inanyamazisha mguu, haiuponyeshi.

Katika mgodi, siku king'ora kinapolia, kila mtu anatakiwa kuondoka upesi kwa miguu yake mwenyewe. Mguu usiopona unamweka hatarini mwenye nao, na mwenzake atakayerudi kumchukua. Kwa hiyo usirudi kazini mpaka munganga amekubali.

Mwenda pole hajikwai.